Gari Likigoma Kuwaka: Tega Sikio Kwanza

Gari likigoma kuwaka asubuhi, usikimbilie simu. Zima redio, feni na taa zote. Hakikisha gia iko P, kanyaga breki mpaka mwisho, halafu zungusha ufunguo mara moja tu huku umetega sikio. Ukimya ukitawala, sogeza gia hadi N ujaribu tena, kwa sababu gari la otomatiki haliwaki gia isipokuwa P au N, na swichi inayotambua P huchakaa. Kwenye gari la manyuo, kanyaga klachi. Kuanzia hapo, mlio wa gari ndio utakaokuongoza.

Ukisikia tik-tik-tik ya harakaharaka, au injini ikazunguka kwa kujikokota kisha ikakata tamaa, shuku betri. Watu wengi hudanganyika hapa: wanaona taa za dashibodi zinawaka, wanasema betri ni nzima. Taa hizo zinahitaji umeme kidogo sana. Stata, yaani mota inayozungusha injini mpaka iweze kujiendesha yenyewe, hula umeme mwingi kuliko kifaa kingine chochote kwenye gari. Kwa hiyo washa taa kubwa za mbele, mtu mmoja asimame mbele azitazame, wewe piga stata. Zikififia sana au kuzimika, umeme wa kutosha haufiki.

Kabla ya kulaumu betri yenyewe, fungua boneti utazame terminali, yaani vile vichwa viwili ambako nyaya hushikana na betri. Zishike uzitikise. Zikicheza, zimelegea. Zikiwa na unga mweupe au wa kijani, umeme unazuiwa njiani. Terminali za magari mengi ya Kijapani hufunguka kwa spana namba 10. Fungua hasi kwanza, yenye alama ya kutoa, kisha chanya. Mwagia maji ya moto kidogo, sugua kwa brashi ya waya au msasa mpaka chuma king'ae, kausha, rudisha chanya kwanza na hasi mwisho, kaza. Unga ule una asidi, kwa hiyo usiushike kwa mikono mitupu wala kupangusa uso. Kazi hii haigharimu kitu, na mara nyingi inatosha.

Isipotosha, tafuta jirani mwenye gari lenye betri ya volti 12 kama lako, pamoja na nyaya za kushtulia betri. Magari yasigusane, na yote mawili yawe yamezimwa. Waya mwekundu uanzie chanya ya betri yako, uende chanya ya betri nzima. Waya mweusi uanzie hasi ya betri nzima, lakini ncha yake ya mwisho usiibane kwenye betri yako. Ibane kwenye chuma kitupu cha injini, mbali na betri. Sababu ni kwamba betri hutoa gesi inayolipuka, na ncha ya mwisho ndiyo inayotoa cheche. Kwa hiyo hapana sigara hapo. Washa gari la jirani, subiri dakika chache, kisha washa la kwako. Likishawaka, toa nyaya kwa kurudi nyuma: wa mwisho kufungwa uwe wa kwanza kutolewa. Ukibadilisha chanya na hasi unaweza kuunguza kompyuta ya gari, na hiyo ni gharama kubwa kuliko ya betri.

Kusukuma? Gari la manyuo linakubali. La otomatiki utatoka jasho bure.

Gari likishawaka usilizime upesi, wala usidhani yameisha. Pita kwa fundi umeme wa magari apime kwa mita. Injini ikiwa inaunguruma, mita isome takribani volti 13.7 hadi 14.7. Ikisoma chini ya 13, alteneta, kifaa kinachochaji betri safarini, haifanyi kazi yake, na betri mpya nayo itakufa vilevile. Betri iliyochajiwa ikapumzika usiku kucha isome karibu 12.6. Ikishuka hadi 12 au chini bila kuachiwa taa, huenda imefika mwisho wake. Joto la pwani halizihurumii betri.

Ukilazimika kununua, soma saizi iliyoandikwa kwenye betri ya zamani, kwa mfano NS40 au NS60, na uchukue hiyohiyo. Betri mpya kabisa ya gari dogo hugharimu kwa kawaida shilingi laki moja na ushee za Tanzania, lakini bei hupanda na kushuka, hivyo uliza maduka mawili au matatu. Beba ile chakavu, kwa sababu wauzaji wengi huipokea na kupunguza bei. Dai risiti na kadi ya gwaranti yenye tarehe.

Sasa tuseme taa zinang'aa vizuri, lakini ukizungusha ufunguo unasikia ‘ka!’ moja tu. Hapo stata yenyewe ndiyo ya kutazamwa. Kuigonga taratibu kwa mpini wa spana huku mwenzako akiwasha huweza kukufikisha gereji, basi. Fundi akisema inunuliwe mpya, mwulize kwanza kama zilizoisha ni kaboni, vipande vidogo vinavyopitisha umeme ndani yake. Mara nyingi hubadilishwa peke yake kwa sehemu ndogo ya bei ya stata nzima.

Injini ikizunguka kwa nguvu lakini haishiki moto, betri na stata hazina kosa. Uliza mafuta yapo? Geji hudanganya. Weka ufunguo kwenye ON bila kupiga stata: kwenye magari mengi ya petroli utasikia mvumo wa pampu ya mafuta kwa sekunde mbili hivi upande wa kiti cha nyuma. Usipousikia, kagua fyuzi ya pampu ya mafuta kwenye kisanduku cha fyuzi (kwenye Toyota nyingi huandikwa EFI). Iliyoungua badili kwa yenye namba ileile, usifunge waya. Usipige stata zaidi ya sekunde 10 mfululizo. Ipumzishe dakika moja.

Gari la kubonyeza kitufe likikaa kimya, huenda ni betri ndogo ya rimoti, ambayo bei yake ni shilingi elfu chache. Kwenye Toyota nyingi, kanyaga breki, gusisha rimoti kwenye kitufe, kisha bonyeza.

Hali moja haina majaribio: gari lililozama kwenye maji ya mafuriko. Usiliwashe kabisa. Maji yakiingia kwenye silinda, stata ikizungusha injini inaweza kupinda vyuma vyake vya ndani. Livutwe hadi gereji.

Na popote utakapokwenda, patana bei ya ufundi kabla boneti haijafunguliwa, kisha mwombe fundi akurudishie kifaa alichokitoa. Ni mali yako.