Kula Pamoja Nyumbani: Maswali ya Familia za Arusha

Jua la Arusha huzama kabla ya saa moja jioni, wakati daladala za Sakina, Njiro na Usa River zimejaa hadi mlangoni. Baba bado yuko barabarani, mama anafunga genge, mtoto wa sekondari yuko twisheni. Chakula kinaiva, kinawekwa kwenye hotpoti, kisha kila mtu anakuja kujipakulia kwa saa yake. Kwa familia zinazotaka kukaa tena pamoja wakati wa kula, haya ndiyo maswali yanayohitaji majibu.

Kama kila mtu anashiba, kula pamoja kunaongeza nini?

Mwaka 2011 jarida la Pediatrics la Marekani lilichapisha uchambuzi wa tafiti 17 zilizohusu watoto na vijana zaidi ya 182,000. Waliokula na familia angalau mara tatu kwa wiki walikuwa na uwezekano wa kula vyakula bora uliozidi wa wenzao kwa asilimia 24. Takwimu hizo hazithibitishi kwamba kula pamoja ndicho chanzo, kwani huenda nyumba zenye utaratibu zina mengine mazuri pia.

Lakini kuna faida ya lugha. Catherine Snow wa Harvard na wenzake walifuatilia watoto wadogo wakaona kwamba mazungumzo ya wakati wa kula huwajengea msamiati. Mtoto anayesikia wakubwa wakijadili bei ya mahindi, mvua za masika au msiba wa jirani hujifunza maneno asiyoyapata kwenye michezo.

Je, huu si utamaduni wa kigeni?

Meza, labda. Katika nyumba nyingi za zamani wanaume walikula kando, wanawake na watoto kando. Ila kula peke yako hakukuwa jambo la kusifiwa. Kwa desturi ya Kimaasai, ambayo ina mengi ya pamoja na ya Waarusha, morani hatakiwi kula peke yake. Lazima awe na mwenzake. Familia inayoketi pamoja leo, juu ya mkeka au kwenye viti, inaipanua desturi hiyo ili mama, baba na watoto wawe kundi moja.

Baba anaongoza watalii na mama yuko sokoni. Tukutane lini?

Si lazima iwe usiku, wala kila siku. Kati ya Juni na Oktoba waongozaji wengi huwa Serengeti na Ngorongoro kwa siku kadhaa mfululizo. Anayeuza Tengeru hubanwa zaidi Jumatano na Jumamosi, siku za soko. Familia ichague milo mitatu inayowezekana: chai ya asubuhi mara mbili na chakula cha mchana cha Jumapili baada ya ibada, kwa mfano. Saa za milo hiyo zikishapangwa, simu ziwekwe mbali na televisheni izimwe.

Watoto wadogo wale sinia moja na wakubwa?

Wakae pamoja na wakubwa, lakini aliye chini ya miaka miwili apewe sahani yake. Kwenye sinia wenye mikono mepesi humaliza kabla yake, na mama hawezi kujua amekula kiasi gani. Mtoto wa miezi 9 hadi 23 anahitaji milo mitatu hadi minne kwa siku, hivyo asisubiri chakula cha usiku cha wakubwa. Jambo hili ni zito: utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa.

Hatuna uwezo wa kupika vingi. Tupike nini?

Chungu kimoja kinatosha. Ndizi na nyama kidogo, makande, au loshoro, yaani mahindi yaliyochemshwa yakachanganywa na maziwa mgando, huliwa na bibi hadi mjukuu. Mboga za majani na parachichi hukamilisha.

Tahadhari moja ni magadi yanayotiwa ili chakula kiive upesi. Maji ya maeneo mengi kuzunguka Mlima Meru tayari yana madini mengi ya floraidi, yanayoacha madoa ya kahawia kwenye meno ya watoto, na magadi huyaongeza. Mahindi na maharage yakilowekwa usiku kucha huiva upesi bila magadi, na mkaa hupungua.