ZIARA YA SIKU MOJA KAMA SOMO LA HISTORIA: MFANO WA KIWANDA CHA QUARRY BANK, UINGEREZA

Utangulizi

Ziara ya masomo ni miongoni mwa njia za kufundishia zinazosifiwa sana vyuoni na kutumiwa vibaya sana shuleni. Husifiwa kwa kuwa humtoa mwanafunzi katika maneno matupu na kumkabili na vitu halisi. Hutumiwa vibaya kwa kuwa mwalimu hudhani kwamba kufika mahali ni sawa na kufundishwa na mahali hapo. Watoto hupanda basi, huimba, hutazama, hula, kisha hurudi. Na kesho yake wakiulizwa walichojifunza, hutaja basi na chakula.

Makala haya yanachunguza tatizo hilo kwa mfano mmoja: kiwanda cha kale cha kusokota nyuzi za pamba cha Quarry Bank, kilichopo katika kijiji cha Styal, jimbo la Cheshire, kusini mwa jiji la Manchester. Tumechagua mahali hapa kwa sababu mbili. Kwanza, Mapinduzi ya Viwanda ni mada ifundishwayo katika shule zetu za sekondari, nayo aghalabu hufundishwa kwa kukaririsha majina ya mitambo na tarehe za uvumbuzi. Pili, Quarry Bank ni mahali pazuri mno, na uzuri huo ndio unaomtega mwalimu asiyejitayarisha.

Chimbuko la matembezi ya mashambani

Desturi ya Waingereza ya kwenda mashambani kwa siku moja ilikua sambamba na miji ya viwanda. Aliyeshinda juma zima katika moshi na kelele alitamani hewa safi, na reli zikamwezesha kuifikia. Mwaka 1871 Bunge lilipitisha sheria iliyoweka siku maalumu za mapumziko ambazo mabenki yalifungwa, na wafanyakazi wengine wakazifaidi pia. Mwaka 1895 Octavia Hill, Robert Hunter na Hardwicke Rawnsley walianzisha shirika la National Trust ili kuhifadhi ardhi na majengo yenye thamani kwa manufaa ya watu wote.

Hata hivyo, mashamba hayakuwa wazi kwa kila mtu. Sehemu kubwa ya nyanda za juu kati ya Manchester na Sheffield ilikuwa mali ya wachache waliozihifadhi kwa ajili ya kuwinda ndege, na mpita njia alifukuzwa. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya watembeaji, wengi wao wakiwa vijana wafanyakazi, walipanda mlima wa Kinder Scout kwa makusudi bila ruhusa, na baadhi yao wakatiwa gerezani. Mwaka 1949 ilipitishwa sheria ya hifadhi za taifa, na mwaka 1951 eneo hilohilo, Peak District, likawa hifadhi ya kwanza ya taifa nchini humo.

Mwalimu asiyapuuze mambo haya. Yanamwonyesha mwanafunzi kwamba hata siku moja ya kupunga upepo ina historia, na kwamba kuna watu waliofungwa ili wengine watembee.

Mahali penyewe na mtego wake

Mgeni anayefika Styal huteremka katika bonde lenye miti mingi, ambamo Mto Bollin hupita. Huona jengo refu la matofali mekundu, bustani za mwenye kiwanda, na kijiji chenye nyumba za wafanyakazi, nyingi zikiwa zimejengwa katika miaka ya 1820. Kuna gurudumu kubwa la maji na mitambo inayowashwa ili wageni waione ikifanya kazi. Yote ni safi na yanapendeza. Mtoto aliyeachiwa mahali hapa bila mwongozo atarudi nyumbani akiamini kwamba watu wa kale waliishi maisha matulivu kando ya mto.

Wahenga walisema, "Ukiona vyaelea, vimeundwa." Kiwanda hiki kiliundwa mwaka 1784 na Samuel Greg, aliyehitaji maji yaendayo kasi ili kuendesha mitambo ya kusokotea. Bonde hili lilikuwa na maji, lakini halikuwa na watu wa kutosha. Greg aliwatafuta watoto. Mwaka 1790 alijenga nyumba ya wanagenzi, na humo wakawekwa watoto waliotolewa katika nyumba za maskini, wengine kutoka mbali kama London. Kwa wakati mmoja nyumba hiyo ilikuwa na watoto wapatao 90. Walifanya kazi takriban saa 12 kwa siku. Waliunga nyuzi zilizokatika, na wadogo walitambaa chini ya mitambo wakikusanya mabaki ya pamba. Utaratibu huo ulikoma hapo mwaka 1847.

Mizizi ya mahali hapa inafika mbali zaidi ya Cheshire. Familia ya Greg ilimiliki shamba la Hillsborough katika kisiwa cha Dominica, lililolimwa na watumwa; na sehemu kubwa ya pamba iliyosokotwa katika viwanda vya eneo la Manchester katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 ililimwa na watumwa wa kusini mwa Marekani. Mwaka 1939 familia hiyo iliikabidhi milki ya Styal kwa National Trust, na mwaka 2020 shirika hilo lilitoa taarifa kuhusu uhusiano wa majengo yake na utumwa na ukoloni. Basi, bonde moja la kijani linaunganisha maskini wa London, watumwa wa ng'ambo ya Atlantiki na utajiri wa Manchester. Hakuna kitabu cha kiada kinachoweza kuyaweka mambo hayo matatu mbele ya mwanafunzi kwa uzito uleule. Lakini mahali hapaongei penyewe. Ni lazima paulizwe.

Matayarisho

Kazi ya kwanza ya mwalimu ni kuchagua swali moja. Swali likiwa pana mno, kama vile "Maisha ya zamani yalikuwaje?", wanafunzi watakusanya kila kitu na kutofahamu lolote. Kwa Quarry Bank tunapendekeza swali hili: "Ni kazi za nani zilizofanya mahali hapa pawepo?"

Kazi ya pili ni kuwapa wanafunzi ushahidi wa maandishi kabla ya kuona ushahidi wa vitu. Kwa bahati njema upo ushahidi ulio bora. Mwaka 1806 vijana wawili wa kiwanda hiki, Joseph Sefton na Thomas Priestley, walitoroka na kwenda London, safari ya zaidi ya kilomita 250. Walihojiwa mbele ya mahakimu, na maelezo yao yakahifadhiwa. Sefton alieleza chakula, mavazi, malazi na saa za kazi, wala hakudai kwamba alitendewa ukatili. Alisema alitaka kumwona mama yake. Alieleza pia kwamba kazi ya ziada ya usiku ilimzuia kuhudhuria darasa mara kwa mara, ilhali yeye alitaka kujifunza kitabu chake. Priestley alikuwa amepoteza kidole katika mtambo.

Ushahidi huu una thamani kubwa kwa kuwa hauwi rahisi. Mwanafunzi aliyetazamia kilio cha mjeledi hukutana na kijana aliyelishwa na kuvishwa, na bado akatoroka. Hapo hulazimika kufikiri: je, kushiba kunatosha? Aidha, sheria ya mwaka 1802 ilikuwa imeagiza wanagenzi wa viwanda vya pamba wafundishwe kusoma, kuandika na hesabu katika miaka minne ya kwanza ya unagenzi wao. Darasa liyaweke maelezo ya Sefton kando ya sheria hiyo, kisha lijadili umbali uliopo kati ya agizo na utekelezaji.

Siku ya ziara

Inafaa kuligawa darasa katika vikundi vinne vya watu wasiozidi wanane: kikundi cha maji, kikundi cha mitambo, kikundi cha nyumba ya wanagenzi, na kikundi cha nyumba na bustani ya mwenye kiwanda. Kila kikundi kichore ramani ya sehemu yake, kipime umbali kwa hatua, na kiandike mambo matatu kinayoyaona na jambo moja kisiloliona ingawa lazima lilikuwapo. Sharti hili la mwisho ndilo kiini cha zoezi. Kikundi cha mitambo kitaona nyuzi safi, lakini hakitaona vumbi lililojaa hewani wala mkono ulioumia. Kikundi cha bustani kitaona maua, lakini hakitaona shamba la Dominica.

Mwalimu awafundishe pia kuuliza juu ya vitu vyenyewe. Gurudumu la maji linalozunguka leo si lile la kwanza. Lilitoka katika kiwanda kingine huko Pateley Bridge, jimbo la Yorkshire. Je, kwa hiyo ni la uongo? La, bali latuonyesha namna nguvu za maji zilivyotumika, wala si ushahidi wa kile kilichosimama hapo mwaka 1784. Mwanafunzi anayeweza kutenganisha mambo hayo mawili ameanza kuwa mwanahistoria.

Makumbusho mengi ya mashambani nchini humo huwavisha watoto mavazi ya kale ili waigize maisha ya zamani. Igizo lina faida yake: mtoto huonja kelele, baridi na amri. Lakini lina mpaka. Anayeigiza anajua kwamba basi linamngoja mlangoni, na Sefton hakuwa na basi. Mwalimu alitaje jambo hili waziwazi baada ya igizo, maana bila hivyo mateso ya wengine hugeuka mchezo.

Mwisho, mwalimu ahakikishe usalama. Penye mto, mfereji na mitambo iendayo, kila kikundi kiwe na mtu mzima, na idadi ya wanafunzi ihesabiwe kila wanapohama.

Baada ya ziara

Ziara isiyofuatiwa na kazi darasani hupotea. Vikundi vilete ramani zao na kuziunganisha kuwa moja ukutani. Kisha darasa lirudi kwenye swali la kwanza na kuongeza ramani ya pili, ya dunia, ikionyesha pamba, fedha na watoto walikotoka. Mwishowe kila mwanafunzi aandike kibao cha maneno mia moja ambacho angependa kisimikwe langoni mwa kiwanda. Hii ndiyo tathmini iliyo bora, kwa kuwa yamlazimu kuchagua: nani atajwe, na nani aachwe.

Shule isiyoweza kufika Styal, na ndivyo zilivyo karibu zote miongoni mwetu, haikosi somo. Picha za mahali hapo, habari za Sefton na sheria ya 1802 zatosha kwa vipindi viwili darasani. Na utaratibu huu wa swali moja, ushahidi wa aina mbili, na kutafuta kisichoonekana, wafaa mahali popote pa kale palipo karibu na shule.

Hitimisho

Hatusemi kwamba watoto wasifurahi. Siku ya matembezi ina haki yake ya furaha, na waliopanda Kinder Scout mwaka 1932 walilijua hilo kuliko sisi. Tunachosema ni kwamba furaha isimfiche mwanafunzi jasho lililouzaa uzuri anaoutazama. Mtoto wa miaka kumi na mitatu alipoteza kidole katika bonde hili. Mwanafunzi wa umri huohuo akipita hapo bila kulijua jambo hilo, mwalimu wake hakumtembeza, alimpitisha tu.

Maswali ya kujadili

1. Eleza tofauti kati ya ziara ya burudani na ziara ya masomo. Je, moja yaweza kuwa ndani ya nyingine?
2. Sefton hakudai kutendewa ukatili. Je, ushahidi wake wapunguza au waongeza uzito wa somo? Toa sababu.
3. Chagua mahali pa kale palipo karibu na shule unayofanyia mazoezi. Tunga swali moja la ziara, na utaje jambo moja lisiloonekana hapo ambalo wanafunzi hawana budi kulitafuta.