Orodha ya maneno ianzie mdomoni mwa mwalimu

Wanafunzi wengi wa Ngara na Biharamulo, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, nyumbani huzungumza Kihangaza, Kisubi au Kisukuma, na shule ya msingi wameisoma kwa Kiswahili. Wakiingia kidato cha kwanza, Biolojia, Jiografia na Fizikia zote ni kwa Kiingereza. Tunawapa orodha ya maneno magumu ya kitabu, kama "photosynthesis", ambayo mwalimu angeyaandika ubaoni na kuyaeleza hata hivyo. Yanayowapita ni yale asiyoyaandika: "as we saw last time", "suppose", "in other words".

Orodha zilizo tayari zipo. Ile ya Averil Coxhead ya mwaka 2000 ina familia 570 za maneno (neno pamoja na maumbo yake), lakini imetokana na maandishi. Mwaka 2017 Yen Dang, Coxhead na Stuart Webb walitoa ya mazungumzo ya kitaaluma, familia 1,741. Itumie kulinganishia tu, kwa sababu chimbuko lake ni mihadhara na semina za vyuo vikuu.

Orodha yangu naitengeneza mwenyewe: huanza kwa kumwomba mwalimu ruhusa, kisha naweka simu meza ya mbele na kurekodi kipindi kizima. (Mvua ikipiga bati, ahirisha, hutasikia kitu.) Rekodi masomo tofauti na walimu tofauti. Ukiandika ulichorekodi, usiruke chochote, hata "so" na "okay", maana hayo ndiyo yanayoashiria kwamba mada inabadilika. Kazi hii inachosha kuliko zote. Kuhesabu maneno ni kwepesi: AntConc, programu inayoyahesabu, ni ya bure, na ukishaiweka kwenye kompyuta haidai intaneti.

Neno linaloingia orodhani kwangu lazima lisikike katika masomo yasiyopungua matatu. Naliandika pamoja na sentensi ya mwalimu mwenyewe, si peke yake. Huku kwetu naongeza jozi zinazogongana masikioni kwa sababu ya r na l: "collect your books" na "correct your work" ni maagizo mawili tofauti, na nimeona nusu ya darasa ikikusanya madaftari badala ya kusahihisha.

Jaribio lisiwe la karatasi. Tamka sentensi kwa kasi ya darasani, wanafunzi watende unachosema. Anayekariri maana ya "compare" lakini akabaki amekaa ukimwambia "compare your answers", mrudishie neno hilo wiki ijayo.