Picha za Bure za Michezo: Tuanze na Jina la Mchoraji

SWALI: Tuna hazina ya mtandaoni ambapo wachoraji hutoa bure picha za kutengenezea michezo ya kompyuta. Fedha zetu zinatosha kuboresha kitu kimoja tu. Je, tuanze na utafutaji?

JIBU: Hapana, anzeni na leseni na kumbukumbu za waliochora. Anayetafuta picha asiipate hupoteza muda wake, lakini anayeitumia bila kumtaja mwenyewe, pale leseni inapodai atajwe, huvunja leseni hiyo, na huenda akalazimika kuuondoa mchezo mzima sokoni. Tazameni Liberated Pixel Cup, mashindano ya mwaka 2012 yaliyohusisha hazina ya picha ya OpenGameArt na shirika la leseni huru la Creative Commons. Picha zake zilitolewa chini ya leseni za CC BY-SA na GPL, hivyo kila aliyemvika mhusika wa awali kofia au upanga alibeba wajibu wa kuwataja waliomtangulia. Mhusika mmoja tu aweza kuwa na msururu wa majina, na kuyakusanya kwa mkono kunachosha. Basi kila picha ioneshe imetokana na ipi, na anayepakua apewe faili la majina lililo tayari.

Mtauliza, kwa nini tusidai leseni ya CC0 kwa wote, isiyolazimisha kumtaja mtu? Ni njia nyepesi, nakiri, ila mchoraji asiyelipwa hata senti hubaki na jina lake tu. Mkimnyang'anya na hilo, wengine watakaa na michoro yao. Utafutaji nao utafaidika, maana kichujio cha leseni hakina kazi iwapo taarifa zenyewe ni za kubahatisha.