SOMO: Habari za Kikundi Kwenye Intaneti, Tuziweke Wapi?

Vikundi vingi vinataka kutangaza vikapu na asali yao kwenye intaneti. Ni vizuri, lakini kabla ya kuchagua mahali, tukae chini tuulizane haya:

1. Bure au kulipa? Blogger na WordPress.com hutoa nafasi ya bure, na mtu anaweza kuanza kwa simu tu. Jina lenu wenyewe linaloishia na .or.ke hulipiwa, msipolipa kwa wakati, mtalipoteza.

2. Je, kila mtu atasoma? Picha nzito humaliza bando. Tuweke chache, na kila moja tuiandikie maelezo ili simu imsomee asiyeona.

3. Ufunguo ni wa nani? Kijana mmoja akishika neno la siri peke yake halafu aende mjini, kikundi kimefungiwa nje. Tuweke wasimamizi wawili au watatu.

4. Nakala iko wapi? Mwaka wa 2009 Yahoo ilifunga GeoCities ya Marekani, iliyokuwa na kurasa nyingi za bure. Cha kuazima chaweza kudaiwa. Tuhifadhi nakala zetu.

Tujadiliane: Katibu wetu akiondoka kesho, nani atafungua ukurasa wetu?