SOMO: WANYAMA WALIO MLANGONI PETU
Semina ya jamaa nzima: baba, mama, kukhu na watoto



Tukisema "wanyama wa porini", wengi wetu hapa Sirisia tunafikiria ndovu wa Mlima Elgon wanaoingia pangoni Kitum kuchimba chumvi, au simba wa Maasai Mara anayetazamwa na watalii. Kumbe wanyama wa porini tunaoishi nao kila siku ni wale wa darini, ghalani, kwenye ua wa boma na kwenye kinamasi kilicho chini ya shamba. Hao hakuna mtalii anayewafuata. Na sisi wenyewe tukiwaona, mara nyingi tunaokota jiwe.

Somo hili ni la kuwasaidia viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, vikundi vya akina mama na walimu kuandaa semina ya nusu siku juu ya wanyama hawa. Haihitaji umeme, wala pesa nyingi, wala mgeni kutoka Nairobi.

1. KWA NINI JAMAA NZIMA?

Mambo ya wanyama yamefundishwa shuleni kwa muda mrefu. Vilabu vya wanyama wa porini vya wanafunzi vilianzishwa Kenya tangu 1968. Hiyo ni kazi njema. Lakini hebu tufikirie: mtoto amefundishwa kwamba bundi hula panya, amemchora vizuri, amepata alama. Jioni bundi analia juu ya mti. Kukhu anasema kuna mtu atakufa, baba anatoka nje na manati. Sasa mtoto amwamini nani? Chaki ya mwalimu haiwezi kumshinda kukhu.

Mtoto hazaliwi na jiwe mkononi. Amepewa na sisi wakubwa. Ndiyo maana tunasema waketi benchi moja: anayefundishwa na anayeogopa.

2. MATAYARISHO

Chagua mwezi wa Desemba. Shule zimefungwa, mahindi yameingia ghalani, akina baba wana nafasi, na panya nao wamefika. Watu wakutane saa nane mchana chini ya mti au darasani, wamalize saa kumi na moja.

Mwalike mzee au mama anayejua kusimulia, na mhudumu wa afya wa kijiji. Tafuteni leso mbili, kipande cha ubao na mkebe. Mpikie watu viazi vitamu na chai, maana mtoto mwenye njaa hasikilizi. Watoto wasiagizwe kukamata mnyama yeyote na kumleta amefungwa kamba. Tukianza hivyo tumeshaharibu somo.

3. HATUA YA KWANZA: HADITHI MBILI

Mzee asimulie hadithi mbili ambazo Wabukusu wanazijua.

Ya kwanza ni ya Mango, aliyelivizia joka lililosumbua watu, akalikata kichwa, kisha akatahiriwa. Kila msimu wa tohara tunaikumbuka. Hapa nyoka ni adui, na anayemwua ni shujaa.

Ya pili ni ya kinyonga. Kinyonga alimkuta Maina akila, akamwomba chakula. Maina akamnyima, akamfukuza. Kinyonga akatamka kwamba kuanzia siku hiyo watu watakufa. Halafu akaenda kwa nyoka, nyoka akamgawia. Basi nyoka akabarikiwa: akizeeka anavua ngozi na kuendelea kuishi.

Mwezeshaji aulize: Katika hadithi ya pili nani alikosa, kinyonga au mtu? Mpeni kila mmoja nafasi, hata mtoto wa darasa la pili. Kwa kawaida wazee ndio wanaonyamaza kidogo hapa. Wengi wetu tumemwogopa kinyonga kwa sababu ya laana yake, tukasahau kwamba hadithi yenyewe inalaumu uchoyo wa mtu. Hatuwaambii watu waitupe mila. Tunawaomba waisikilize hadi mwisho.

Kisha mweleze: kinyonga hana sumu. Anakula nzi, panzi na wadudu wengine kwa ulimi unaoweza kupita urefu wa mwili wake.

4. HATUA YA PILI: MKEBE WA BUNDI

Hii ndiyo watoto wanaipenda kuliko zote. Bundi humeza panya mzima mzima. Mifupa na manyoya haviyeyuki tumboni, basi anavitapika kama kitonge kigumu. Tafuteni vitonge hivyo siku chache kabla ya semina, chini ya mti au jengo ambapo bundi analala, mkavitie mkebeni.

Gawia kila jamaa kitonge kimoja juu ya karatasi. Wakifungue kwa vijiti viwili, si kwa vidole, na baadaye wote wanawe kwa sabuni. Watakuta mafuvu madogo yenye meno marefu ya mbele. Wahesabu. Mtoto mmoja aandike hesabu ya jamaa zote ubaoni, mjumlishe.

Usihubiri. Uliza tu swali moja: Panya hawa wangekuwa hai, usiku wa leo wangekuwa wapi? Kila mwenye ghala anajua jibu. Bundi hakuleta kifo nyumbani kwako. Alifuata panya, na panya walifuata mahindi yako. Hapa pia mseme juu ya sumu ya panya: bundi au paka akila panya aliyekula sumu, naye anaweza kufa, na panya wanaobaki wanazaana bila mlinzi.

5. HATUA YA TATU: NYOKA

Hapa tusiwafiche watu kitu. Katika semina moja mama mmoja alituuliza, "Nikiona nyoka karibu na mtoto wangu, nisubiri kwanza nimwulize ukoo wake?" Watu walicheka sana, lakini swali ni la haki. Jibu letu ni hili: mtoto kwanza. Mwondoe mtoto, rudi nyuma, mwachie nyoka njia ya kutoka. Wengi wanaumwa wakati wanapomfuata nyoka kwa fimbo.

Nyoka wengi hawana sumu ya kumdhuru mtu, na wengine wanaingia nyumbani kwa sababu ya panya tu. Lakini wa hatari wapo. Bafe, yule mfupi mnene mwenye mistari mgongoni, hakimbii ukija. Analala kimya hadi umkanyage. Kwa hiyo usiku tembea na tochi, vaa gambuti shambani, fyeka nyasi karibu na nyumba, usirundike kuni ukutani, na mtoto asilale chini bila neti iliyochomekwa vizuri.

Mhudumu wa afya aonyeshe kwa vitendo, mtoto mmoja akijifanya ameumwa:

- Mtulize mgonjwa, asitembee wala kukimbia.
- Mvue pete, bangili na viatu kabla hajavimba.
- Funga ubao kando ya mguu kwa leso, ili mguu usicheze. Usikaze kama kamba ya ng'ombe.
- Usichanje kwa wembe, usinyonye damu, usipoteze saa kwa jiwe jeusi au mitishamba.
- Mpeleke hospitali mara moja, kwa pikipiki akiwa katikati ya watu wawili kama hakuna gari.

Shirika la Afya Duniani liliweka sumu ya nyoka kati ya magonjwa yaliyosahauliwa mwaka wa 2017. Wanaoumwa zaidi ni wakulima na watoto, yaani sisi. Hata kama semina nzima itasahaulika, hatua hii isisahaulike.

6. HATUA YA NNE: MATEMBEZI HADI KINAMASINI

Jua likipoa, wote waende kinamasi kilicho karibu, wakubwa wakishika watoto mkono. Simameni mbali, mnyamaze dakika tano. Kila mtu ahesabu sauti anazosikia.

Mkibahatika mtamwona korongo mwenye taji, yule ndege aliye kwenye bendera ya jirani zetu wa Uganda. Anajenga kiota chake katikati ya nyasi za kinamasi na kutaga mayai mawili au matatu. Tangu 2012 amewekwa katika orodha ya dunia ya ndege walio hatarini kutoweka. Sababu zake si za mbali: vinamasi vinakaushwa, na vifaranga vinakamatwa vikauzwe au kufugwa.

Waulizeni wazee: Zamani mlikuwa mkiona korongo wangapi hapa? Maji yalifika wapi? Waonyeshe kwa mkono. Mara nyingi mahali wanapoonyesha sasa pana mikalitusi. Korongo akihama, chemchemi nayo inafuata, na ndoo ya mama inakwenda mbali zaidi.

7. MASWALI YA KUJADILIANA (kwa vikundi, wakubwa na watoto pamoja)

- Ni mnyama gani nyumbani kwetu tunamwua bila kujua kosa lake?
- Ni nani anayepata hasara kwa wanyama, kwa mfano mahindi yanapoliwa na nyani? Tumsaidieje kulinda shamba lake?
- Kinamasi chetu ni cha nani, na ni nani anayeamua miti ya kupanda hapo?

8. AZIMIO

Msiandike maazimio kumi. Kila jamaa ichague jambo moja, na mtoto ndiye alitamke mbele ya wote: kutomtupia bundi mawe, kusafisha nyuma ya jikoni, au kuacha hatua kadhaa za nyasi kando ya chemchemi. Baada ya miezi mitatu jumuiya itembelee boma kwa boma kuona.

Kikundi kikiweza kuchanga nauli, nendeni Kitale. Jumba la makumbusho la huko lilianza 1926 kutokana na ukusanyaji wa wadudu na ndege wa Mwingereza Stoneham, na lina njia ya kutembea msituni. Mbele yake, barabara ya Kapenguria, kuna Mbuga ya Saiwa, iliyotengwa 1974 kwa ajili ya nzohe, swara wa majini. Ni kama kilomita tatu za mraba tu, na watu hutembea humo kwa miguu. Watoto wataona kwamba kinamasi kidogo, kama kile cha kwetu, serikali iliona kinastahili kulindwa.

Lakini msingoje nauli. Bundi wa darini kwako yupo leo.