Pima Karo la Choo Kabla ya Hasara

Leo tujifunze kulitunza karo la choo. Karo ni tangi lililojengwa chini ya ardhi kupokea uchafu wa choo cha maji. Ziko zahanati, shule na nyumba za vijijini zenye makaro. Tatizo letu ni hili: tunalijenga, tunalifunika, halafu tunalisahau. Siku choo kinaporudisha uchafu juu ndipo tunamkimbilia fundi.

Ndani ya karo mna nini?

Mafuta na vitu vyepesi huelea juu. Vitu vizito huzama na kuwa tope. Katikati hubaki maji. Maji hayo hupita katika bomba kwenda shimo la pili, na huko hunywewa na udongo.

Kila mwaka tope huongezeka. Likizidi, hutoka pamoja na maji na kuziba udongo wa shimo la pili. Hapo hata ukiondoa tope la karo, umechelewa. Huenda ikabidi kuchimba shimo jipya.

Jinsi ya kupima

Wengine hufunua, huchungulia, husema, "Mbona limejaa!" Kumbe karo hujaa maji siku zote, hata likiwa zima. Kinachopimwa ni tope.

1. Chukua mwanzi mrefu ulionyooka. Zungushia kitambaa cheupe sehemu yake ya chini, ukifunge imara.
2. Fungua mfuniko, kisha kaa mbali kidogo hewa mbaya itoke. Usiwashe kiberiti wala sigara.
3. Simama kando, usiiname juu ya tundu. Shusha mwanzi polepole mpaka uguse sakafu. Ngoja dakika chache.
4. Utoe polepole. Tope jeusi litaonekana kwenye kitambaa. Pima urefu wa tope, halafu pima urefu wote uliolowa.
5. Funika karo, fukia kitambaa, nawa mikono kwa sabuni.

Tuseme urefu uliolowa ni sentimita 150, na tope ni sentimita 50. Tope limefika theluthi moja. Basi, ita gari la kunyonya maji machafu. Kama tope ni sentimita 30, bado. Andika tarehe na kipimo katika daftari, upime tena mwakani.

Tope lisijae upesi, tusitupe chooni magunzi, matambara, mchanga wala mafuta.

Usiingie ndani!

Hewa ya karo inaua. Nyingine hunuka kama yai viza, lakini ikizidi pua haisikii tena. Nyingine haina harufu kabisa. Mtu akiingia huanguka ghafla. Mwenzake akishuka kumwokoa, naye huanguka. Mtu akizimia humo usimfuate, hata kama ni ndugu yako wa tumbo moja. Piga yowe, waitwe watu wenye vifaa vya kupumulia.

Mfuniko nao uwe mzito, watoto wasiweze kuufunua.

Maswali

1. Kwa nini hatuwezi kulijua karo kwa kuchungulia tu?
2. Urefu uliolowa ni sentimita 120. Tope likifika sentimita ngapi tutaita gari?
3. Karo la zahanati yenu lilipimwa lini? Kama hakuna anayejua, liulizeni jambo hilo katika mkutano wa kijiji.